Kashe ya risasi na ukingo wa kikwembe

Katika kijitabu kilichotangulia hiki kulikuwa makala moja ambayo watu wengi waliipenda, na sisi wenyewe tuliisoma mara mbili. Mwandishi wake, ndugu yetu ambaye hatutataja jina lake maana anajulikana na wote, alieleza jinsi alivyoonyeshwa kipande cha risasi katika nyumba ya mama mzee mmoja pande za Walungu. Kipande ni kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, cha mviringo, kimebonyezwa maandishi pande zote mbili. Upande mmoja zinasomeka herufi nne, D, O, U na A, halafu pamefutika. Upande wa pili kuna namba 14. Ndugu yetu akaandika kwamba ni kashe ya nguo ya Kifaransa, iliyotoka mji wa Douai, wakati wa mfalme Louis wa 14. Akamaliza kwa kusema kwamba Bushi ilifanya biashara na Ufaransa miaka mia mbili mbele ya Wabelgiji kufika.

Makala imeandikwa vizuri, hatukatai. Ina moto ndani yake. Lakini haikubaki mu kijitabu. Mwalimu mmoja wa sekondari ametuonyesha makaratasi ya wanafunzi wake, na tumesoma humo kwamba "Louis wa 14 alituma nguo Ngweshe". Na jambo lingine, ambalo ndilo lilitufanya tushike kalamu: mtu mmoja wa Bukavu alikwenda kwa yule mama kumpa dola ili achukue hiyo risasi, na vijana wawili wa nyumba ile, watoto wa tumbo moja, leo hawasalimiane. Mmoja anataka iuzwe, mwingine anasema ni mali ya ukoo. Sasa kama kitu kinagombanisha ndugu, basi tujue kwanza ni kitu gani.

Tuanze na yale ambayo ndugu yetu alisema kweli. Kashe za risasi za nguo zilikuwako. Ulaya walizitumia tangu karne ya 13 mpaka karne ya 19. Huko Ufaransa, waziri Colbert ndiye aliyekaza sheria hizo: mwaka 1669 alitoa amri kubwa juu ya ufumaji, ikisema kila aina ya kitambaa iwe na upana gani na nyuzi ngapi. Wakaguzi walipita kwa mafundi. Kitambaa kilichofuata sheria kilipigwa kashe ya risasi, na kile ambacho hakikufuata kilikuwa na bahati mbaya. Amri ya Desemba 1670 ilisema kitundikwe juu ya mti hadharani pamoja na jina la fundi aliyekitengeneza, na fundi mwenyewe akirudia kosa aweza kufungwa pale pale pamoja na nguo yake. Kwa hiyo kashe haikuwa pambo. Ilikuwa neno la mkaguzi kwa mnunuzi aliye mbali: nunua bila hofu, mimi nimeona. Na kama ilivyo kawaida ya watu, kashe za uongo pia zilitengenezwa, na waliokamatwa waliadhibiwa vikali. Mfumo huo wote ulivunjwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1791.

Kashe ya namna hiyo ilitengenezwaje? Hapa tunaomba msomaji atusikilize polepole, maana shauri lote liko hapa. Fundi alimimina vibati viwili vidogo vya risasi vilivyounganishwa kwa ulimi mwembamba. Kibati kimoja kilikuwa na kijiti katikati, kingine kilikuwa na tundu. Ulimi ulikunjwa juu ya ukingo wa kitambaa, kijiti kikapenya nguo na kuingia ndani ya tundu, halafu vyote vikabanwa kwa koleo au kugongwa kwa chuma chenye alama. Risasi ni laini. Inapobanwa, inashika umbo la kila kitu kilicho karibu nayo. Ndiyo maana ukifungua kashe ya zamani unaweza kuona ndani yake alama ya nyuzi, msalaba kwa msalaba, hata kama nguo yenyewe imeoza tangu miaka mia tatu. Wataalamu wanahesabu nyuzi hizo na kusema kitambaa kilikuwa kizito ao chepesi. Kashe hizo zimetolewa nyingi mu matope ya mto wa London, na katika ngome za zamani za Wafaransa huko Amerika ya Kaskazini, kama Michilimackinac, ambako Wafaransa walibadilishana nguo kwa ngozi za wanyama. Juu yake utakuta jina la mji, ua la yungiyungi la wafalme wa Ufaransa, alama ya ukoo wa mji, mara nyingine aina ya kitambaa.

Sasa tuchukue risasi ya Walungu. Tulikwenda wawili, kwa ruhusa ya wenye nyumba, tukaishika mkononi. Jambo la kwanza ambalo macho yaliona ni kwamba haina vibati viwili. Ni kipande kimoja kinene, na ndani yake mnapita vitundu viwili, sambamba, kutoka upande mmoja mpaka upande mwingine. Ndani ya kitundu kimoja kuna kutu nyekundu. Kutu nyekundu haitoki mu risasi. Ni kutu ya waya wa chuma. Maana yake hiyo kashe haikupigwa juu ya nguo: ilipitishwa waya, waya ukafunga kitu, halafu ikabanwa ili mtu asifungue bila kuonekana. Kila mtu wa Bukavu ambaye amekwisha kukatiwa mita ya umeme ao ya maji anaijua kashe ya namna hiyo, na dereva yeyote wa kamio aliyevuka mpaka wa Ruzizi anaijua zaidi. Alama ya nyuzi hatukuona hata moja.

Halafu kuna hiyo namba 14. Ndugu yetu aliona 14, akawaza Louis wa 14. Lakini wafalme wa Ufaransa waliandika namba zao kwa herufi za Kiroma. Namba 14 kwa tarakimu zetu hizi, peke yake, bila jina, bila ua, bila taji, ni namba ya koleo. Kila ofisa wa forodha alikuwa na koleo lake lenye namba, ili kukitokea wizi ijulikane nani alifunga. Na D, O, U, A? Douai ni mji wa kweli kaskazini mwa Ufaransa, Louis wa 14 aliuteka mwaka 1667, na hapo tunakiri ndugu yetu alisoma vitabu. Lakini kuna neno jingine linaloanza kwa herufi zizo hizo, neno ambalo kila mchuuzi wa Bukavu analisikia asubuhi na jioni, na linamgharimu: douane. Mtu anatafuta Ulaya ya miaka mia tatu iliyopita, na jibu liko pale ku mpaka!

Hapa pana kosa moja ambalo sisi wasomi wa hapa tunalirudia mara nyingi. Tukiona maandishi ya Kifaransa tunadhani kitu kimetoka Ufaransa. Lakini Wabelgiji ndio walituletea Kifaransa, na serikali yetu iliendelea kukitumia. Kifaransa siyo Ufaransa. Kikwembe ambacho mama zetu wanakiita "hollandais" kimeandikwa ukingoni kwa Kifaransa, kimetengenezwa Uholanzi, kwa ufundi wa nta ulioigwa kutoka kisiwa cha Java, na kimevaliwa Walungu. Ukisoma lugha peke yake utapotea njia mara nne.

Je, ingewezekana kabisa nguo ya Kifaransa ifike Bushi wakati wa wafalme? Hatutaki kufunga mlango kwa nguvu. Wafaransa walikuwako pwani ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Île de France, ambayo leo ni Morisi. Hiyo ndiyo biashara ya Ufaransa upande wetu wa Afrika, na mwenye kuitafuta kwa furaha afikiri tena ni biashara ya nini. Lakini kutoka Kilwa mpaka Ngweshe wakati ule ni mbali sana, na nguo ambayo watu wa maziwa waliijua katika karne ya 19 ina majina yake yenyewe, hata leo tunayo kinywani: merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba nyeupe, ngumu, iliyofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipoikatiza, ikaja ya Uingereza na ya Bombay, lakini watu waliendelea kuiita merikani. Kaniki ilikuwa nyeusi ya nili, kutoka Uhindi. Zote mbili zilipanda kwa wapagazi mpaka Ujiji, na toka Ujiji zikazunguka ziwa. Hapa Bushi watu walivaa ngozi na nguo za magome, na nguo ya dukani ilichelewa kuliko sehemu nyingi. Majina hayo mawili ndiyo kashe zetu za kwanza. Hayakupigwa mu risasi, yalipigwa mu lugha.

Sasa tufike kwa mama mwenyewe, maana yeye ndiye hakuonekana mu makala. Tulimuuliza risasi ilitoka wapi. Akacheka.

"Ile ilitokaka ku balo ya bikwembe, mwanangu. Baba ya batoto alikuwaka anapakua kamio kule Bukavu, wakati ya Zaïre. Siku moja akakuya nayo mu mufuko. Batoto bakaanza kuichezea, mi nikaifunga ku ufunguo juu isipotee."

Tukamuuliza kama alimwambia vile yule ndugu aliyeandika. "Hakuniulizaka. Aliuliza tu kama ni ya zamani. Nikamwambia ndiyo, ni ya zamani." Na mfalme wa Ufaransa? "Mufalme wa wapi? Mi ninajua tu Mwami."

Tuseme wazi, hatusemi haya ili tumchekelee ndugu yetu. Sisi pia tumewahi kuuliza wazee maswali ambayo yalikuwa na jibu ndani yake. Lakini ni lazima tuonyeshe kosa liko wapi. Yeye aliona risasi imefungwa ku ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa sanduku la bati, na sanduku lilikuwa mbele yake. Aliandika kurasa sita juu ya risasi. Juu ya vile vilivyokuwa ndani ya sanduku hakuandika mstari hata mmoja.

Ndani kulikuwa vikwembe kumi na kitu. Kimoja alipewa mama yake siku ya kuposwa kwake yeye, kingine alipewa yeye mwenyewe alipotoa binti, na kadhalika. Mama anakumbuka kila kimoja, nani alileta, mwaka wa mvua gani. Na karibu vyote vina kashe zao, ila siyo za risasi. Ziko ku ukingo.

Msomaji ajue kwamba huo ukingo una ukoo wake, na hapo Ufaransa inarudi mu hadithi kwa mlango wa haki. Ufaransa ilikataza nguo za pamba zilizochapwa maua, zile zilizotoka Uhindi, tangu mwaka 1686 mpaka 1759. Katazo lilipoondolewa, viwanda vikafunguliwa. Kinachojulikana zaidi ni kile cha Oberkampf, kilichoanza Jouy-en-Josas mwaka 1760. Serikali ikawaamuru wachapaji waandike ku mwisho wa kila jora jina la kiwanda, mji, na kama rangi ni ya kudumu ao siyo. Rangi ya kudumu iliitwa "bon teint", rangi nzuri. Ni kazi ile ile ya risasi, ila sasa imehamia ndani ya kitambaa chenyewe, kwa wino. Na toka Jouy mpaka soko la Mugogo si mbali kama unavyodhani: mama anayenunua bado anageuza ukingo kwanza, anasoma, halafu ndipo anauliza bei.

Pwani nao wana yao. Kanga za Mombasa zilizotoka duka la Kaderdina Hajee Essak ziliandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla", na mnunuzi aliyejua alitafuta maneno hayo kabla ya kusoma hata methali. Upande wetu, kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, iliandika "Véritable Wax Hollandais". Waingereza wa ABC, huko Hyde karibu na Manchester, walikuwa na yao mpaka uchapaji ulipohamishiwa Ghana mwaka 2007. Na tusisahau za nyumbani: Filtisaf ya Kalemie, Sotexki ya Kisangani, na zile za Kinshasa ambazo Texaf ilianzisha tangu 1925 na ambazo zilikuja kujulikana kwa jina la Utexafrica mpaka mashine ziliponyamaza mwaka 2007. Kikwembe kilichoandikwa Filtisaf ni karatasi ya historia ya kazi mu nchi hii. Pamba ililimwa kwa nguvu, mkulima akapigwa fimbo asipolima, ikafumwa ku Tanganyika, ikarudi kuuzwa kwa bibi ya yule yule mkulima. Kikwembe cha namna hiyo kina uzito kuliko kashe kumi za Douai.

Na sisi tunafanyia nini huo ukingo? Tunamwachia fundi wa kushona. Fundi akipokea yadi sita, kitu cha kwanza anachofanya ni kukata ukingo, maana maandishi yanamharibia mshono, na vipande vinaanguka chini ya mashine pamoja na nyuzi. Tumepita kwa mafundi wengi wa Kadutu, tumeona wanawasha nazo makaa. Vipande hivyo havigharimu kitu. Mtu angeweza kumwambia fundi, "Baba, nipe ule mukato", akaubandika mu daftari na kuandika pembeni jina la mama, sherehe, na mwaka. Daftari moja la namna hiyo kwa kila parokia, tungekuwa na hazina ambayo hata Ulaya hawana.

Kuna anayetuuliza: lakini maandishi ya ukingo pia yanadanganya, sasa yanafaa nini? Ni kweli yanadanganya. Tangu vikwembe vya China vijaze masoko, maneno "wax" na "hollandais" yanachapwa kwa wote, mara nyingine hata herufi zinakosewa, na hapo ndipo tunaona kwamba fundi wa uongo wa wakati wa Colbert hajafa. Kwa hiyo ukingo haupaswi kusomwa peke yake. Wax ya kweli huchapwa nta pande zote mbili, rangi inaonekana sawasawa mbele na nyuma, na nta inapopasuka inaacha mishipa midogo ambayo haifanani popote. Ile ya kuigwa mara nyingi nyuma imefifia, na "mishipa" yake inajirudia kila baada ya mkono mmoja, maana imechorwa. Mama zetu wanajua hayo bila kusoma. Wanakunja, wanasugua, wanaangalia nyuma. Ni uhakiki mzuri kuliko wa kwetu.

Kwa wenye kukuta vipande vya risasi, maana tunajua vitakutwa vingine, tuna ombi. Msivisugue kwa mchanga wala kwa ndimu ili ving'ae. Ile ngozi nyeupe ya kijivu ndiyo inalinda maandishi. Wekeni karatasi nyembamba juu, mpitishe penseli taratibu, herufi zitatoka. Angalieni kama kuna vitundu vya waya ao alama ya nyuzi. Nawini mikono, na watoto wasiviweke mdomoni, maana risasi ni sumu. Na msiviuze kwa wavuvi wa ziwa wafanye uzito wa nyavu mbele mtu hajaviona. Zaidi ya yote, muulizeni mwenye nyumba, na mumuulize bila kumpa jibu.

Ndugu yetu tumekwisha kumwambia haya yote uso kwa uso, mbele ya kasiksi, na hakukasirika sana. Alisema tu kwamba makala yetu haitapendwa kama yake. Anaweza kuwa na haki.

Siku ile tulipoaga, wale vijana wawili walikuwa wamekuja kusikiliza, kila mmoja akisimama ku pembe yake ya nyumba. Tulipowaambia ni kashe ya forodha, na baba yao ndiye aliyeikata kwa mkono wake, yule aliyetaka kuuza aliomba aishike. Alikaa nayo muda mrefu. Halafu akampa mwenzake, bila kumwangalia, lakini alimpa.

Mama yeye alikuwa na shida nyingine kabisa. Alitoa kikwembe kimoja chini ya sanduku, cha buluu, akatuambia mkamwana wake anasema ni cha China, na kwa hiyo hakitaki siku ya kugawa. Tuligeuza nyuma, rangi ilikuwa ile ile. Tuliangalia mishipa ya nta, hakuna iliyofanana na mwenzake. Tukamsomea ukingo, neno kwa neno, na mwisho wake jina Vlisco.

"Basi muandike," akasema. Akakikunja, ukingo kwa ndani, akafunga sanduku, na risasi ikarudi ku ufunguo wake.